Sauti ya Dada Ndani ya Kofia

Usiku wa jana niliota nimesajiliwa na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu na kurukiana. Mchezo wenyewe siujui. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Tanga, naishi kwa dada yangu Mwajabu, na nililala na jambo moja tu kichwani: asubuhi nilitakiwa nijibu kama naenda kufundisha Sumbawanga, upande wa pili wa nchi, au siendi. Dada alishaamua siendi. Ananiamulia mambo tangu nanyonya, na sijawahi kumbishia.

Kwenye ndoto, majina yanasomwa jukwaani. Wanaoitwa mapema wanalia na kukumbatiana na mama zao. Mimi naitwa wa mwisho kabisa, wafagiaji wameshaanza kazi. Mkuu wa ligi ananivika kapelo.

"Hongera. Wewe ndiye mrushaji wa mpira. Timu nzima inakutegemea. Sasa nenda kakae benchi."

Benchi linanisogezea nafasi.

"Shikamoo," nasema, maana linaonekana la siku nyingi.

"Marahaba. Utakaa sana?"

"Sijui."

"Wote husema hivyo," linanijibu, kisha linasinzia.

Kumbe mgeni kwenye timu ana kazi zake. Nawabebea wakongwe kinga zao za mabega, nawanunulia maandazi, na wakati wa chakula napandishwa juu ya kiti niwaimbie. Naimba mito mikubwa ya Afrika, kwa kuwa ndiyo ninayoijua. Nikifika Mto Zambezi, mrushaji mkongwe, jitu moja linaloitwa Bwana Otis, anavunjika kidole kwa kupiga makofi. Ningependa kusema nilisikitika. Nilifurahi.

Basi zamu yangu imefika. Kocha ananivalisha kofia yenye redio ndani.

"Humu utasikia maelekezo," anasema. "Zikibaki sekunde kumi na tano za kurusha mpira, sauti inazimwa. Ndiyo sheria. Hapo unabaki wewe na akili yako. Una majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ukishindwa, unarudi benchi moja kwa moja."

"Sawa, kocha."

Redio inakoroma kidogo. Halafu inasema, "Hemedi! Umekula?"

Ni dada Mwajabu.

Nageuka, uwanja haupo. Tuko sebuleni kwa dada, na yadi kumi ni kutoka kwenye kochi mpaka mlangoni. Wapinzani, majitu kumi na moja, wanavua viatu barazani na kupiga hodi. Mmoja ananyoosha kwanza kitambaa cha kochi, ndipo anajipanga.

Jaribio la kwanza, dada anasema, "Baki hapo hapo." Nabaki, naangushwa. La pili anasema vilevile. Nabaki, naangushwa juu ya meza ya chai. La tatu, hata aliyenikalia ananionea huruma.

"Kaka, huwezi kusogea hata kidogo?"

"Dada hajasema."

"Aa. Basi pole," anasema, na kunikalia vizuri.

Limebaki moja. Mpira, ambao una umbo la papai bichi, unanitazama.

"Mwalimu, safari hii tunaenda?"

Naangalia pa kurusha. Upande mmoja limesimama kabati la vyombo la dada, limevaa glavu, linasubiri kurushiwa. Upande wa pili, nje ya mlango, limesimama bango la barabarani lililoandikwa SUMBAWANGA. Nalo limevaa glavu.

"Lipe kabati!" dada anapiga kelele kichwani mwangu. "Hemedi, lipe kabati! Usije uka..."

Sauti inazimika.

Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Saa ya ukutani inahesabu kwa uvivu, kumi na nne, kumi na tatu, na mimi nimeshika papai nikimsubiri dada arudi hewani. Harudi. Majitu yananijia kwa soksi, taratibu, yasichafue zulia. Saa inasema tatu.

Nikarusha nje.

Bango likadaka. Likaanza kukimbia na mpira wangu, likivuka maua ya dada, na wapinzani wakalipigia makofi. Halikugeuka nyuma hata mara moja.

Nikaamka. Jikoni nilimkuta dada ameinama juu ya sufuria ya chai, amejifunga mtandio shingoni.

"Dada, shikamoo."

Aliitikia, lakini sauti haikutoka. Ilikuwa imemkauka kabisa, amebaki kunong'ona.

"Sijui nimelalaje," alisema huku akishika koo. "Nimeamka napiga kelele, 'Lipe kabati! Lipe kabati!' Kabati lipewe nini, na nani, hata sielewi."

Nikatazama kabati la vyombo. Lilikuwa limefungwa, limetulia.

"Nilikusikia, dada," nikamwambia. "Lakini nimeshalirushia bango."

Dada akanikazia macho. Akafungua mdomo aseme jambo, na kwa uso ule lilikuwa jambo refu, lakini sauti ikagoma. Nikammiminia chai, nikamtilia tangawizi nyingi. Kisha nikachukua simu na kuwaandikia Sumbawanga kwamba ninakuja, kabla sauti haijamrudia.