Mnyororo Mzima wa Nilpori

Kuanzia bandari ya Chandpur mpaka ya Bhola muulize yeyote: hakuna anayeujua mnyororo wa usukani kama mimi, Tofazzal. Ukikatika, nitakuwa nimeuunga kabla hujamaliza kutafuna tambuu yako. Na jambo la pili: mimi si mtu wa kunyamaza mwenzangu akionewa. Mdomo huu ulimshinda mama yangu, na walimu ukawashinda pia.

Basi asubuhi ile meli yetu, Nilpori, ilikuwa imejaa abiria mia tatu, na serahangi wetu, mshika usukani Ami Moksed, akahisi gurudumu la usukani linacheza mikononi. Minyororo miwili hutoka kwenye gurudumu, hupita juu ya makapi ya chuma pembezoni mwa sitaha, mpaka nyuma kwenye ubao wa usukani. Akaniita.

"Tofazzal, wa kushoto umelegea. Toa kiungo kimoja, uunge kwa pini. Pini, umesikia? Sitaki takataka zako."

"Ami, unamfundisha samaki kuogelea?"

"Samaki naye hunaswa. Nenda."

Nikatoa kiungo. Lakini kopo la pini lilikuwa chini kwenye injini, na mbele abiria walishaanza kupiga mayowe: "Dakhina inatupita!" Dakhina ndiyo meli tunayoshindana nayo. Anayegusa kwanza pantoni, lile gati linaloelea, ndiye anayezoa abiria wote, anayefuata anazoa maganda ya ndizi. Ningekosaje vita ile kwa ajili ya pini? Nikachukua waya wa kufungia magunia, nikauzungusha mara nne, nikaukaza kwa koleo, nikakimbilia mbele kwenda kutukana.

"Hiyo ni meli au bata mwenye kuhara?"

"Mwambie mzee wenu avae miwani!" wakajibu wa Dakhina, na papo hapo wakatugonga ubavuni. Watu wakaanguka kama magunia. Mabaharia wao wakatuchoma kwa fito za mianzi, nasi tukawarudishia. Mwenzetu mmoja akapigwa ufito mdomoni, akatema meno mawili mtoni, akaendelea kutukana bila hayo meno. Tukawapita.

Pantoni ilikuwa karibu kabisa Ami alipozungusha gurudumu kwenda kushoto. Nikasikia mlio mmoja nyuma, tang! Gurudumu likazunguka bure. Ami akavuta kamba ya kengele: rudi nyuma. Fundi wa injini huko chini haoni mto, anasikia kengele tu, akageuza papo hapo. Rafadha ikachimba tope mpaka maji yakawa meusi. Lakini meli iliyojaa haisimami kwa kengele. Pua yetu ikaibana pantoni, na kati ya chuma na chuma ulikuwemo mguu wa mpagazi aitwaye Kuddus, aliyesimama kupokea kamba. Mfupa niliusikia kabla ya yeye kupiga kelele.

Wapagazi walipanda na mianzi. Walimvuta Ami kutoka chumba cha usukani kwa ndevu, wakamburuta ngazi nzima, kichwa kikihesabu vidato. Mmoja akamkanyaga shingo.

"Mmelewa mashindano, mmemkata mtu mguu!"

"Mnyororo umekatika!" Ami alisema, damu ikimtoka puani. "Nendeni nyuma mkautazame! Tofazzal, waambie!"

Nikakimbia. Lile kopo ambalo asubuhi lilikuwa mbali sana, sasa lilikuwa hatua kumi tu. Nikalikwapua, nikaruka nyuma, nikavuta ncha mbili za mnyororo, nikatia pini, nikaigonga, nikakunja ncha yake, nikapaka grisi. Kipande cha waya nikakitupa mtoni. Wallahi, sijapata kufanya kazi safi namna ile.

Punde akaja kaka yake Kuddus, mtu mpana kama mlango, na wenzake wawili. Akaushika mnyororo, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukutikisika.

"Wewe ndiye fundi wake?"

"Ndimi."

"Ulikatika huu?"

Mdomo wangu, ule ule, ukakauka. "Si... unauona mwenyewe."

"Mzee mwongo!" Wakarudi mbele mbio. Nikasikia mianzi ikishuka, sauti kama ya wanaotwanga. Mtu akauliza, "Mikono hii ndiyo iliyoshika usukani?" Kisha Ami Moksed akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia. Walikuwa wanamvunja vidole, kimoja kimoja, na kwa kila kimoja alirudia: "Umekatika. Umekatika." Mimi nilikuwa napangusa grisi kwenye msuli niliovaa.

"Wee fundi."

Hapo hapo nyuma, katikati ya magunia ya vitunguu, alikaa mama mmoja, paji la uso limepasuka, amelibana kwa pindo la sari. Alikuwa ameangukia hapo tulipogonga pantoni, na kumbe hakuondoka.

"Mama, tulia, umeumia kichwa."

"Kichwa kimeumia. Macho hayajaumia." Akainuka akiyumba. "Mzee wa watu anauawa kwa kusema kweli, na wewe unajipangusa?"

"Mama yangu, nakuomba..."

Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyenye damu, akakiinua juu, kiganja changu cheusi kikionekana na kila mtu, akapaza sauti iliyofika mpaka pantoni:

"Mwacheni mzee! Mnyororo ulikatika! Huyu hapa ameuunga sasa hivi, nimemwona kwa macho yangu!"

Mianzi ikanyamaza. Kaka yake Kuddus akageuka.