Mlizamu wa Nyumba ya Fundi

Jino ninalolikosa hapa mbele lilitolewa na jirani yangu Jubran, mchinjaji, bila ganzi, kwa mfupa wa paja la ng'ombe. Nalitaja mapema kwa sababu kila anayeniita nikamkagulie paa hulikodolea macho pengo kwanza, na nisipolieleza hanisikilizi.

Mimi ni Muthana, fundi wa mapaa. Huku kwetu kwenye milima ya Yemen mvua hainyeshi, inashambulia. Inakuja baada ya adhuhuri, inapiga saa nzima, kisha jua linatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nyumba zetu ni mawe chini, kimo cha goti, na matofali ya udongo juu, ghorofa nne, tano, na udongo ukishalewa maji hausimami. Ndiyo maana kila paa lina mlizamu: gogo la mreteni lililochimbwa katikati, linalotokeza nje ya ukuta urefu wa mkono, liyateme maji mbali. Pale gogo linapoingia ukutani huzungushiwa chokaa iliyopondwa kwa mawe siku kumi, ikasuguliwa kwa jiwe laini, ikapakwa mafuta ya mifupa. Nyumba za watu nilizifanyia hivyo nikasifiwa. Yangu niliizungushia saruji asubuhi moja tu, kwa sababu mchana nilikuwa na fungu la mirungi mibichi na wenzangu walikuwa wananisubiri. Ikang'aa vizuri. Nikajipongeza.

Mwaka wa pili ukuta wa mashariki ukaota doa.

Ukuta huo unatazamana na wa Jubran. Katikati kuna kichochoro ambacho punda mwenye mzigo hupita akijikwaruza mbavu zote mbili, na milizamu yetu, wangu na wake, ilitemea humo humo. Aliyeliona doa kwanza ni mke wangu, Taqiya. Lilikuwa na umbo la ulimi wa punda, limeanzia chini ya paa na kushuka mpaka dirisha la chumba chetu cha kulala. Pembeni lilikuwa na chumvi nyeupe, na pale mlizamu wetu unapotokea ukutani palikuwa pameota majani mabichi. Taqiya akanionyesha yote hayo kwa kidole, kimoja kimoja, mimi fundi.

"Ukuta huu ukianguka tunaanguka nao," alisema. "Panda uangalie."

Nikapanda. Ila si paa letu. Nilichukua nyundo nikapanda la Jubran.

Nilimkuta anaanika mifupa, maana huwauzia mafundi kama mimi tukayeyusha mafuta yake. Akaniuliza kama siku hizi watu huja kunywa kahawa na nyundo. Nikamwambia nimekuja kuutibu mlizamu wake, unautemea ukuta wangu.

"Ukuta wako unajitemea wenyewe, fundi," alinijibu. "Teremka kabla sijakuonyesha njia fupi."

Nikaupiga mlizamu wake nyundo tatu. Pigo la tatu lilitosha. Gogo likaporomoka kichochoroni na kupasuka kama tikiti, na kabla sijageuka ule mfupa wa paja ukanifika mdomoni. Niliona nyota za mchana. Nikamrukia kiunoni, tukabingirika juu ya mifupa yake, akanikanyaga mkono, nikamtia goti tumboni mpaka akatapika kifungua kinywa chake, mkate na uwatu. Jambia hatukuzichomoa. Kwetu jambia ikitoka alani kwa ugomvi hairudi kavu, kwa hiyo wanaume wenye akili kidogo hupigana kwa kitu kingine chochote kilicho karibu.

Watu wakatutenganisha. Akaja Hizam, msuluhishi wa mtaa, mtu mnene aliyechukia ngazi, akatusikiliza akiwa chini sisi tuko juu. Kisha akafanya yanayofanywa siku zote: akadai jambia zetu zote mbili ziwe rehani mkononi mwake mpaka atakapotoa hukumu, wiki ijayo. Nikashuka na ala tupu kiunoni na damu kifuani. Mtu bila jambia yake huku kwetu hata mbuzi humtazama mara mbili. Muuza mkate aliniuliza kama nimeanza kunyonyesha.

Siku ya tatu mvua ikarudi. Jubran hakuwa tena na mlizamu upande wetu. Alikuwa ameziba tundu, maji ya paa lake yakaelekezwa nyuma. Nami nilikaa dirishani na mdomo uliovimba, nasubiri kuuona ukuta wangu ukipona.

Doa likakua. Lilikuwa la ulimi wa punda, sasa likawa la punda mzima, kwato zake chini kichochoroni.

Taqiya akabonyeza ukuta kwa ndani, chini ya dirisha. Kidole kikazama mpaka kiungo cha pili.

"Mlizamu wake umeuvunja kwa mkono wako," alisema. "Haya maji ni ya nani?"

Nilimwambia Jubran anamwaga kwa ndoo. Nilisema hivyo kweli, na nilikuwa nimeamini kabla sijamaliza sentensi. Nikashuka ngazi mbili mbili na kutoka kichochoroni kwenye mvua ile.

Jubran alikuwa mlangoni kwake akihamisha mbuzi. Sikumsalimu. Nilimpiga ngumi ya sikio, akateleza, nikamfuata chini kwenye tope nikamng'ata bega mpaka nikahisi chumvi. Akanitupa kama kondoo. Nilipoinuka akanishika ukosi kwa mikono miwili, mikono inayogawa fahali kila Alhamisi, akanibamiza kichwa kwenye ukuta wangu mwenyewe.

Kichwa kikaingia.

Sisemi kikapasuka. Kiliingia, mpaka masikioni. Lipu ilikuwa ngozi tu. Nyuma yake palikuwa na tope laini na baridi, nikalimeza. Jubran akanichomoa. Tulisimama tunatazamana, mimi na uso wa udongo, yeye na bega linalovuja, na shimo lile likawa linateremsha maji ya rangi ya chai. Akainua macho taratibu akalifuata doa mpaka juu. Maji mengine yalikuwa yanatoka mdomoni mwa mlizamu wangu, sawa. Lakini mengine yalitoka pembeni ya gogo, pale kwenye saruji yangu inayong'aa, na kushuka ndani ya ukuta.

"Muthana," alisema, "maji yako hayo."

Nikampiga tena. Ndiyo, nilimpiga, ngumi ya mwisho, dhaifu, kwenye kidevu. Hakuirudisha. Alisikia kitu ambacho mimi fundi nilipaswa kukisikia kabla yake: mlio mkavu juu yetu, kama mtu anayevunja vijiti. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo.

"Mkeo yuko wapi?"

Alikuwa chumbani, nyuma ya tumbo lile. Jubran akanisukuma mlangoni kwangu, akainyakua nguzo anayotundikia nyama, akaisimika chini ya dirisha na kuiegemea kwa bega lile lile nililoling'ata. Nikapanda ngazi nikiita. Nilimkuta Taqiya amekwisha fika nusu, kabeba gunia la mtama, hataki kuliacha. Nikamvuta pamoja na gunia. Tulipotoka tu mlangoni, kona yote ya mashariki, ghorofa mbili za juu, ilishuka kichochoroni.

Vumbi halikuwapo, kulikuwa na mvua mno. Palikuwa na kifusi, nguzo imevunjika vipande viwili, na mkono mmoja wa mchinjaji.

Nilifukua kwa kucha. Taqiya alifukua kwa sufuria. Nilipomtoa alikuwa anapumua kama mvukuto mbovu, mguu wa kushoto umegeukia kusikotakiwa, mfupa umetokeza. Alipoweza kusema, aliniuliza kama nimeshiba au nitamng'ata tena.

Gogo langu lilikuwa juu ya kifusi. Nililichukua. Pale saruji ilipolikumbatia palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka mti wote. Mti hulewa na kukauka, hunenepa na kukonda, na chokaa huufuata polepole. Saruji haimfuati mtu. Nilibonyeza mti kwa kidole gumba ukamomonyoka kama jibini. Jambo hilo nililijua kwa miaka ishirini, kwa nyumba za wengine.

Hizam hakuhitaji wiki. Jambia ya Jubran aliirudisha siku ile ile, akaiweka kando ya mto wake. Yangu alisema itangoja, na akataja fahali: achinjwe mlangoni kwa niliyemdhulumu, mbele ya watu, kama ilivyo ada. Nilimtoa fahali wangu wa plau. Tatizo lilikuwa moja. Mchinjaji pekee wa mtaa alikuwa kitandani na mguu umefungwa mbao.

Kwa hiyo nilichinja mwenyewe. Fahali alinipiga teke la paja, akanikokota mpaka kisimani na kunirudisha, na mtaa mzima ulikuwa umejipanga madirishani. Jubran alikuwa amesogezwa kwenye lake. Alinielekeza kila hatua, kwa sauti, kwa upendo.

"Shingo iko mbele, fundi. Huko ni mkia."

Jubran alipokwisha kucheka, Hizam akamuuliza kama ameridhika. Akasema bado, ana sharti. Nilidhani ataitaka nyumba; akataka kila mwaka nimimine maji mlizamuni mbele ya macho yake.

Ukuta niliujenga upya, na chokaa nikaiponda siku kumi kamili, mbele yake. Mlizamu wake pia nikautengeneza, ndipo Hizam akanirudishia jambia yangu. Na kila mwaka, kabla ya mvua ya kwanza, Jubran huchechemea mpaka kichochoroni na fimbo yake na kokoto mfukoni. Mimi napanda paa langu na ndoo. Nang'oa majani, nazoa majani makavu na kinyesi cha njiwa, nachoma mti kwa ncha ya jambia, nagonga chokaa nisikie kama imejaa au ina uwazi. Kisha nangoja. Nikichelewa, kokoto linakuja. Mwaka juzi lilinipasua nyusi.

"Mimina," huamuru.

Namimina. Yeye hutazama ukuta, simwoni uso. Leo asubuhi maji yamepita yote mdomoni na kuangukia mbali, ukuta mkavu kama mkate wa jana. Nimechungulia nione kama ameridhika.

Alikuwa ameshika kokoto.

"Tena," amesema.