Mtambo Chini ya Samadi

Mama akiona mwanawe amekaa na siri, aulize mapema. Kabale hakuuliza, na sasa nyumba yake hapa Isiolo ina sauti nyingi lakini haina mtu.

Mwanawe, Ibrae, alikuwa mtu mzima, fundi wa redio pale sokoni. Jioni alivaa visikizio, akageukia ukuta, akagonga kidude chake cha chuma, akijifunza kutuma maneno kwa milio ya redio: ti-ta, ti-ti-ta. Waya wa kupeleka sauti nje alikuwa ameuchomoa, kwa sababu bila leseni ruhusa ni ya kusikiliza tu. Kabale alimwekea chai kando, ikapoa hapo hapo. Walikuwa wawili chini ya bati moja, na kila mtu alikuwa peke yake.

"Mama Ibrae, kijana wako anaposa jini?" Gaceri, jirani muuza miraa, alimchokoza. "Mtafutie msichana haraka, kabla hajakuletea mkamwana mwenye kwato!"

Kabale alicheka kwa mdomo tu. Mumewe alichukuliwa na askari wakati ule wa vita vya shifta, eti anajua habari za waasi wa msituni. Hakurudi. Tangu hapo, gari la serikali likisimama karibu, anafunga mlango kwa komeo.

Ibrae aliijua hofu hiyo. Ndiyo maana hakumwambia kwamba mtihani wa kugonga ameshapita, kwamba sasa imebaki afisa kuja kuukagua mtambo. Siku yenyewe ya kuja hakutajiwa.

Ikawa Ijumaa, Ibrae yuko msikitini. Gaceri akaja mbio mpaka uani.

"Weh! Kuna Landrova ya serikali hapo barabarani. Wanauliza nyumba yenye mtambo wa kuongea!"

Kabale hakungoja amalize. Aliung'oa mtambo, akaufunga kwa ngozi, akaufukia zizini chini ya samadi mbichi, pale pale watu walipokuwa wakificha vitu miaka ile ya askari. Kisha akawarudisha mbuzi juu yake.

"Habari, mama," afisa alisema, kofia mkononi. "Mimi naitwa Marete. Nimekuja kuona mtambo wa Ibrae."

"Mtambo gani? Hapa kuna mbuzi tu."

"Mama, sikuja kwa ubaya."

"Hata wale wa zamani walisema hivyo."

Marete aliutazama waya uliokuwa ukining'inia ukutani, haukuunganishwa na kitu. Akapumua. "Basi mwambie, siwezi kumpa mtu leseni ya kitu ambacho sikukiona."

Ibrae aliporudi alifukua kwa mikono yake. Mkojo wa mbuzi ulikuwa umeingia mpaka ndani, mtambo umeharibika.

"Aayo," alimwambia mama yake, "huyo ndiye niliyekuwa nikimngoja."

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungelala?"

Kabale alichukua kitambaa, akaanza kuufuta mtambo.

Ibrae alihamia Nairobi, akaanza upya, leseni akaipatia huko. Wapita njia wanaleta habari kwamba sasa anaongea na nchi ambazo Kabale hajui ziko upande gani. Yeye aliachiwa redio ya kusikiliza. Jioni anavaa visikizio juu ya mtandio, anazungusha kitufe polepole. Ti-ta, ti-ti-ta. Wengine mbali, wengine karibu, wanapishana kama mbuzi kisimani. Pengine mmoja ni Ibrae. Hajui ni yupi, kwa hivyo anawasikiliza wote, na chai yake inapoa hapo kando.