Ya Meno au ya Matundu

Homa ya matumbo ilikuwa imemtafuna Mbaluka kimyakimya, naye akiichukulia kuwa uchovu tu, mpaka asubuhi alipoanguka nje ya kibanda chake cha kuchongea vinyago, nyuma ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, pale Mbotela. Mkewe Kanyiva alitafuta teksi, akamfikisha hospitalini, akaambiwa mgonjwa atalazwa. Aliporudi alikwenda kibandani kufunga mlango. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka.

Mezani zilikuwa zimelala bunduki kumi na mbili za mti wa jakaranda. Bunduki zenyewe hazikumshtua, maana kazi hiyo aliijua. Dada mmoja aitwaye Truphena, mwajiriwa wa wageni waliokuwa wakipiga picha ya sinema kwenye machimbo ya zamani ya mawe huko upande wa Komarock, ndiye aliyeiagiza. Sinema ilikuwa ya vita, na vita vyenyewe vilipiganwa mapangoni, kwa hiyo kila bunduki ilipaswa kufungwa tochi mbele. Kilichobaki kutengenezwa ni kile kipande cha mbele kinachofunika mtutu, pale askari anaposhika kwa mkono wa kushoto, na ndipo tochi ingefungwa. Mbaluka alikuwa amechonga vipande viwili tu vya kuanzia.

Na vipande vile viwili havikufanana.

Cha kwanza kilikuwa na meno juu, mgongo mzima, meno mapana yaliyopangwa kama ya kitana kilichochakaa. Cha pili kilikuwa laini kama mkono wa kiti, ila ubavuni kilikuwa na safu ya matundu marefu, membamba, yanayopenya hadi ndani. Kanyiva alikigeuza hiki, akakigeuza kile. Hakuna alama ya kalamu, hakuna chochote. Tangu aolewe yeye ndiye aliyepiga msasa na kung'arisha kila twiga na kila swala aliyetoka mikononi mwa mumewe, lakini umbo halikuwa kazi yake. Umbo lilikuwa kichwani mwa Mbaluka, na kichwa cha Mbaluka sasa kilikuwa kinachemka wodini. Na Truphena alikuwa amesema angekuja kuchukua mzigo Ijumaa.

Kesho yake, saa za kutazama wagonjwa, Kanyiva aliinama karibu na sikio la mumewe.

"Baba Ndindi, zile bunduki. Nimalizie ya meno au ya matundu?"

Mbaluka alifungua macho mekundu. "Meno?"

"Ndiyo, meno."

"Meno hayaniumi," akasema polepole. "Ni tumbo."

"Si meno yako! Ya bunduki."

Mumewe alimtazama kwa huruma nyingi, kana kwamba yeye Kanyiva ndiye aliyelazwa. "Mama Ndindi, umekula kweli leo? Bunduki haina meno." Akageukia ukutani, akalala.

Kanyiva alitoka akiwa hajui acheke au alie. Kama bunduki haina meno, basi ni ya matundu. Lakini je, aliyesema ni Mbaluka, au ni homa?

Alipofika mtaani, Kezia mwenye duka la kona, ambaye simu yake ndiyo iliyokuwa simu ya majirani wote, alimpungia mkono kwa nguvu.

"Mama Ndindi! Yule dada wa sinema amepiga. Amesema nikwambie, wazungu wanataka reli."

"Wanataka nini?"

"Reli. Nimemuuliza mara mbili, akasema reli, reli, usisahau. Halafu laini ikakatika."

"Reli ya nini?"

"Sasa hapo mimi nitajuaje? Labda mzigo uende na gari la moshi."

Jambo hilo lilimkaa Kanyiva kifuani kama ugali mbichi. Reli inaingiaje katika tochi na bunduki? Alifikiri, mwishowe akaenda kwa Phares, jirani wa mlango wa tatu, ambaye alikuwa fundi katika karakana za reli tangu ujana wake na hakuzungumzia jambo jingine kwa furaha kama hilo.

"Baba Carolyne, mzigo unaweza kupelekwa Komarock kwa reli?"

Phares alicheka mpaka akashika mlango. "Treni ipite wapi, mama? Juu ya mboga za sukumawiki za watu? Hebu nione hiyo kazi."

Walienda kibandani. Kanyiva alimweleza yote, na Phares, aliyeingia akitabasamu, akaanza kukunja uso. Alichukua kile cha meno.

"Ukitazama vizuri," akasema, "haya ni kama mataruma, zile mbao zinazolala chini ya reli. Moja, nafasi, moja, nafasi. Nadhani hii ndiyo reli wanayosema."

Kanyiva alishusha pumzi. "Asante Mungu."

"Lakini ngoja." Phares alikuwa ameshika kile cha pili. "Mataruma si reli. Reli ni ule mstari unaonyooka. Na hii hapa matundu yake yamenyooka mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiniuliza mimi, mtu wa reli, hii ndiyo reli."

"Kwa hiyo ni ipi?"

Phares alivirudisha vipande vyote viwili mezani. "Mama Ndindi, nilikuja hapa nikijua reli ni nini," akasema. "Sasa sijui tena."

Walikumbuka kwamba Truphena alikuwa ameacha tochi moja ya mfano. Kanyiva aliitoa kwenye kisanduku. Chini yake ilikuwa na mguu wa chuma wenye taya mbili, na skrubu ya kuzikaza taya zile ziume. Waliuweka juu ya meno. Ulikaa vyema, kama uliozaliwa pale, hata Phares akapiga kofi. Kanyiva akakaza skrubu, akakaza kidogo tena, na jino moja likakatika, likaruka hadi sakafuni.

Alijua mara moja kwa nini. Jino lilikuwa limekatwa kukingama nyuzi za mti, na jakaranda ni mti laini. Walijaribu upande wa matundu. Huko taya hazikuwa na cha kuuma. Ziliteleza tu, tochi ikaning'inia ikimulika miguu ya Phares. Ila Kanyiva alipopitisha skrubu ndefu tundu moja na kuifunga kwa nati upande wa ndani, ilishika imara, na mti haukulalamika.

Phares alipokwenda zake, Kanyiva aliketi juu ya gogo akijaribu kuyapanga mawazo, na kila alipolipanga moja, jingine lilianguka. Taya za tochi zilitaka meno, basi ni ya meno. Lakini huenda Mbaluka alianza na meno, akayaona ni dhaifu, akayaacha, akahamia matundu. Au alianza na matundu, akaona taya hazishiki, akahamia meno. Kipi kilitangulia? Alinusa vipande vyote viwili, kama vile mti ungemwambia. Vyote vilinuka jakaranda.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa ile kazi. Ni kwamba miaka yote hiyo alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwa mtu huyu, na hakuwa na habari mtu huyu huwaza vipi.

Ndipo akaona kipande cha mpingo chini ya meza, masalio ya kinyago cha zamani. Mpingo ni mgumu na jino lake halikatiki ovyo. Hakusema moyoni kwamba amepata jibu, kwa sababu hakuwa amelipata. Alisema tu kwamba kama watu wanataka meno, watayapata, na kama wanataka matundu, watayapata pia. Alipasua mpingo vijiti vifupi, akachonga meno kwa msumeno na tupa, kisha akavifunga kwa skrubu kupitia matundu ya vipande laini alivyochonga kwa kufuata kile cha pili. Mikono ilimuuma vibaya mno. Phares alikuja kumsaidia kukata matundu, huku akinung'unika kwamba katika karakana yao mtu huonyeshwa mchoro kwanza.

Ijumaa Truphena alifika na gari dogo la mizigo. Kanyiva alisimama kando. Dada yule aliinua bunduki ya kwanza, akabana tochi kwenye mpingo, akaitikisa. Haikucheza.

"Safi, mama. Hii ndiyo reli."

"Ipi?"

"Hii ya meno. Ndivyo wanavyoiita."

"Na matundu?"

Truphena aliyatazama kama anayeyaona kwa mara ya kwanza. "Haya sijui. Mzee wako aliniuliza kama tochi inafungwa kwa skrubu au kwa kubanwa. Nikamwambia nitawauliza wazungu. Nilipowauliza, kila mmoja akasema lake." Akashusha sauti. "Kusema kweli, mama, hata mimi nilikuwa nabahatisha."

Akapakia mzigo, akaenda.

Mbaluka alirudi nyumbani amekonda, shingo kama ya ndege. Kanyiva alimpa uji, akangoja amalize, kisha akamuuliza lile lililomkosesha usingizi: kati ya vile vipande viwili, ni kipi alichokuwa amekusudia?

Mbaluka aliweka kikombe chini. "Hakuna," akasema. "Sikuelewa walichotaka. Nilichonga vyote viwili ili nikuonyeshe wewe, uniambie."

"Mimi? Nikwambie mimi?"

"Si huwa unashika kila kitu baada yangu? Twiga akiwa na kasoro najua kwa namna unavyopiga msasa. Ukinyamaza, najua nimekosea."

Kanyiva alikuwa na hasira, na alikuwa na furaha, na hakuweza kusema hasira inaishia wapi. Alichukua kikombe kitupu, akasimama nacho katikati ya chumba akiwa amesahau alikuwa akikipeleka wapi.

"Sasa," Mbaluka akauliza, "ulimalizia kipi?"