Mafuta Kwenye Ini la Tokuji

Mtaa wa maduka ulio nyuma ya kituo cha treni, huko Osaka, haujui kunong'ona. Jumatatu Tokuji aliambiwa hospitalini kwamba ini lake lina mafuta mno, halifai kukatwa kipande apandikizwe dada yake, ambaye lake limeharibika. Jumanne muuza chai alikuwa tayari anamuuliza ni mafuta kiasi gani.

"Asilimia thelathini," Tokuji akajibu, maana kuficha ni kujichosha tu. "Wanataka yashuke chini ya kumi. Wamenipa wiki sita."

"Wiki sita! Na tumbo hilo?"

Basi mtaa ukamvaa. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, wenye maduka hukutana kwenye ua wa hekalu kunyoosha viungo kwa kufuata redio. Sasa redio ikizimwa, hakuna aliyeondoka. Mama Hatsue muuza samaki, mjane mwenye sauti ya kuuza pweza hadi mtaa wa pili, alipuliza filimbi, na Tokuji akaanza. Sekunde ishirini za kuchuchumaa, kutupa miguu nyuma, kuinuka na kuruka. Sekunde kumi za kupumua. Tena. Mara nane, dakika nne basi. Daktari alisema dakika nne hizo zitasaidia, ila mtu azifanye kama anayekimbizwa na mbwa, na mezani mdomo aufunge.

"Ruka, Toku! Unaruka kama gunia la viazi!"

"Mwacheni jamani, viazi si ndiyo kazi yake?"

Ndiyo kazi yake kweli. Tokuji anauza katlesi za viazi na nyama, katika duka alilorithi kwa baba yake. Mtaa ulimpenda, na penzi la mtaa ule huja limefungwa kwenye kitambaa: keki za mchele zenye maharage matamu, kamba wa kukaanga, mayai ya kukunja. Haya, jipe moyo, kula kidogo. Kayo, mkewe, aliyapokea mlangoni, akainama kwa shukrani, kisha akayagawa kwa wateja. Mezani Tokuji alikuta kabeji, tofu na samaki wa kuchoma. Kayo alijua anakula hivyo tu, na mtaa mzima ulijua.

Ya saa nne asubuhi hawakuyajua. Kayo akishapanda baiskeli kupeleka oda, na mafuta ya kwanza yakishachemka, Tokuji aliligeuzia mgongo dirisha na kula katlesi, za moto, hata ulimi ukababuka. Wiki ya kwanza mbili. Wiki ya nne tano.

Njaa angeistahimili. Alikuwa anaogopa kisu. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake aliingia hospitali kutolewa vijiwe vya nyongo, jambo dogo, akasema atarudi Alhamisi. Aliyekuja shuleni Alhamisi ni dada yake Mineko, wa miaka kumi na tano, macho yamevimba. Tangu siku hiyo Mineko ndiye aliyekaanga katlesi, akamlea, hata kuolewa hakukumbuka. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje hapana? Tokuji hakuweza. Alitaka ini limsemee.

Siku moja ya wiki ya tano, Mama Hatsue aliingia kwa mlango wa nyuma na ndoo ya kaa. Akamkuta Tokuji na katlesi ya nne mkononi, mashavu yamejaa.

"Naonja chumvi," Tokuji akasema.

Hatsue akamtazama, akatazama sahani. Akaweka ndoo chini, akatoka. Mwanamke yule aliyetangaza ujauzito wa binti wa kinyozi kabla kinyozi hajaujua, siku hiyo hakusema neno. Tokuji alingoja hadi jioni. Angetukanwa angepata nafuu. Asubuhi yake Hatsue alipuliza filimbi huku anatazama paa la hekalu.

Wiki ya sita ilipofika, vipimo vikasema asilimia ishirini na mbili.

Muuguzi anayeshughulikia watoa viungo akamwita chumba cha peke yake, akafunga mlango. "Bwana Tokuji, daktari anaweza kukuongezea wiki tatu. Zaidi ya hapo, dada yako hataweza kungoja. Lakini nakuuliza wewe tu: unataka? Kama hutaki, ndugu zako nitawaambia ini halifai. Hakuna atakayejua."

Kumbe mlango wa kutokea ulikuwepo siku zote, na wala hakuhitaji kula katlesi kuufikia. Tokuji akaomba kwanza amwone dada yake.

Mineko alikuwa amelala, macho ya manjano, mikono imebaki mifupa. "Haya, kitindamimba, umefaulu?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: halifai, dada, bahati mbaya. Likamkwama.

"Nilikuwa nakula, dada. Kila siku, kwa makusudi. Na kule uani naruka nusu nusu tu. Naogopa."

Dripu ikadondoka.

"Unakula nini?"

"Katlesi."

"Zetu?"

"Zetu."

"Angalau hukula za mtu mwingine." Akajaribu kucheka, ikatoka kikohozi. Kilipotulia sauti ilikuwa nyingine. "Sikiliza, Toku. Ini ni lako. Ukikataa, njoo hapa useme nimekataa, nami nitalia, nitakutukana, yaishe. Lakini usiniue kwa mafuta ya kukaangia halafu uje kunililia mazishini. Hilo sitakusamehe hata nikiwa mzimu."

"Na wewe huogopi?"

"Usiku najikojolea, mjinga wewe. Nenda nyumbani."

Asubuhi iliyofuata, redio ilipozimwa, Tokuji hakusubiri filimbi. Aliwaambia wote, Kayo akiwa mstari wa mbele: katlesi, saa nne, wiki sita. Muuza chai akafunga tena kitambaa chake cha keki, taratibu. Kayo akageuza uso. Hakuna aliyetania.

"Wamenipa wiki tatu," Tokuji akasema. "Sijui kama nitaweza. Piga filimbi, Mama Hatsue."

Hatsue akamtazama usoni, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akapuliza.

Safari hii aliruka kweli. Raundi ya tatu miguu ikawa maji. Ya tano akasikia ladha ya chuma kooni, na hofu ile ile ya Alhamisi ikampanda, akaruka nayo. Baada ya raundi ya saba akajikokota hadi mferejini, akatapika. Kayo akapiga hatua moja kumfuata, akasimama.

Hatsue akaangalia saa, filimbi mdomoni.

"Inuka, Toku," akasema. "Bado moja."