Mkanda wa Nne Kabla ya wa Tatu

Pale kwenye ukumbi wa maktaba walimwita Profesa, kwa utani tu, maana kazi yake ilikuwa kuuza dawa katika duka la jirani. Kila mwisho wa mwezi aliwaonyesha wanachama wa chama cha wapenzi wa filamu sinema kuukuu, zile ambazo dunia imezipa kisogo, kisha akazichambua. Na tangu chama kianze alikuwa na wimbo mmoja: ipo sinema inayozipiku zote, ila haipatikani.

Aliiona utotoni, katika jumba ambako baba yake aliendesha mtambo wa sinema. Ni habari ya fundi saa na mkewe. Fundi saa anaugua, anakufa, anazikwa. Halafu, bila maelezo yoyote, anaingia mlangoni, anatundika koti, anakula. Mkewe wala hashtuki.

"Hakuna aliyeonyesha msiba kwa ukweli namna ile," Profesa alizoea kusema. "Aliyekufa haondoki kwa siku moja. Anaendelea kuja kula."

Baba yake alipofariki, nakala ikapatikana kwa bahati, na chama kikaamua kuionyesha kwa heshima ya mzee. Mama yake aliketishwa kiti cha mbele. Profesa akaeleza jinsi marehemu alivyokuwa bingwa wa mtambo, akawaambia wanawake waandae leso. Taa zikazimwa.

Fundi saa akaingia mlangoni, akatundika koti, akala. Profesa akakunja uso. Mbona mapema hivi? Kisha fundi saa akaugua, akafa, akazikwa. Mkewe akarudi dukani, akazitia ufunguo saa zote za ukutani, moja baada ya nyingine, akakaa chini. Sinema ikaisha.

Watu wakabaki wakitazamana.

"Profesa," kinyozi mmoja, mwanachama, akaita kutoka nyuma, "marehemu wetu mbona hakuja kula? Au amekwama njiani?"

Kicheko kikapita safu hadi safu. Hapo ndipo Profesa alipoelewa. Zamani sinema moja ililetwa vipande vipande, kila mkanda ndani ya kopo lake, na mwendesha mtambo ndiye aliyeipanga. Mzee alikuwa ametanguliza mkanda wa nne, wenye mazishi, na wa tatu, wenye kula, ukafuata. Muujiza alioutangaza miaka yote ulikuwa kosa la mikono ya baba yake.

Angeweza kusema kumbukumbu zimemhadaa. Maneno hayo yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nyuso zote zilimgeukia, na kinyozi alikuwa bado anatabasamu, na Profesa hakutaka kuonekana zuzu.

"Si mimi jamani," akasema. "Ni mzee. Alichanganya mikanda."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Kumbe ndiye bingwa mwenyewe!" kinyozi akadakia. "Angekuwa daktari, huyu angetuzika kwanza ndipo atupime!"

Profesa naye akacheka, meno yote nje. Kisha macho yake yakatua kiti cha mbele. Mama alikuwa anautazama ukuta mweupe kana kwamba sinema bado inaendelea.

Akajaribu kurekebisha mambo. Akasema daktari wa sinemani anahutubia mno, na muziki unapiga kelele pale ulipopaswa kunyamaza; lakini mke yule na saa zake, hapo pana ustadi mkubwa, na yeye hakuwahi kupaona, maana kila alipoikumbuka alikuwa akisubiri maiti aingie mlangoni. Yote yalikuwa kweli. Hakuna aliyesikiliza, watu walishaanza kukunja viti, wakirudia lile la daktari.

Njiani alitembea kando ya mama, kichwa chini.

"Mama, najua nimekosa. Lakini baba mwenyewe angecheka."

"Angecheka sana," mama akasema. "Alizivuruga nyingi, si hiyo tu. Akirudi nyumbani ananisimulia, tunacheka mpaka mbavu zinauma."

Profesa akapata pumzi kidogo. "Basi..."

"Alinisimulia mimi, mwanangu. Chumbani kwetu, mlango umefungwa. Maisha yangu yote sijamwambia mtu." Mama akasimama, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu watoke. "Wewe ndiye uliyesimama pale, ulipaswa kumsitiri. Mtu mwenyewe hayupo, hawezi hata kujitetea."

Mama akamshika mkono wavuke barabara, kama alivyomshika zamani, na huruma ile ikamchoma kuliko vicheko vyote vya ukumbini.