Mama Mdogo wa Kundi la Wazima

Gari la dawa lilichelewa asubuhi ile kwa sababu ya foleni, na mpiga picha za wagonjwa alikuwa ameshasimama mlangoni mwa jengo la utafiti analingojea na kitoroli chake. Dawa yenyewe haingoji mtu. Inatengenezwa alfajiri, na ikiwa bado iko njiani inaanza kuisha nguvu, kwa hiyo ukizubaa unamchoma mtu maji matupu. Kwa kweli ni sukari tu, ila imefungiwa chembe ya mionzi. Ikishaingia mwilini inazunguka ikitafuta penye njaa. Palipo na ugonjwa huwa pana njaa kuliko pengine, basi panaifakamia, na mashine ikipiga picha panaonekana panawaka. Kazi yote ya jengo lile ilikuwa hiyo, kuangalia ni wapi ndani ya mtu panakula sukari kupita kiasi.

Kwenye kiti cha kulalia, nyuma ya pazia, alikuwa amekaa mama yake mdogo.

Utafiti ulikuwa na makundi mawili, wagonjwa na wazima, ili walinganishwe. Wagonjwa hawakuwa shida, walivuka tu uwanja kutoka hospitali ya jirani. Wazima ndio walikuwa adimu, maana mtu mzima ana shughuli zake. Mpiga picha alipoambiwa atafute wazima hakuumiza kichwa. Aliishi chumba cha uani kwa Mama Mdogo tangu mama yake mzazi alipofariki, na hakuwahi kumwona analala mchana. Mama Mdogo alikuwa mtu wa kubeba ndoo mbili huku anasimulia, na asimwage tone wala asikatishe habari. Nyumbani walimwita Redio.

"Sasa mama, nikishakuchoma, saa nzima usiongee," mpiga picha alimwambia.

"Kwa nini?"

"Ulimi ukifanya kazi unakula sukari. Picha inaharibika."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

"Mtu apite anisalimie, mimi nimkodolee macho tu? Si atasema naringa?"

"Mama."

"Haya, nimenyamaza. Choma."

Alinyamaza kweli, mpaka muuguzi alipopita na viatu vipya. Viatu vilikuwa vyekundu, na kisigino chake kilikuwa kile ambacho Mama Mdogo alikitafuta mwaka mzima bila kukipata. Alijizuia, mikono ikashika kiti. Muuguzi aliporudi mara ya pili, uzalendo ukamshinda. Mpiga picha alipokuja kumchukua, alikuta habari ya viatu imeshapita zamani, na Mama Mdogo yuko katikati ya harusi yake mwenyewe, mahali ambapo shemeji alianguka na keki.

Kwenye picha, ulimi, taya na koo viliwaka kama taa za barabarani. Chini ya mbavu za kulia palikuwa na doa moja dogo, kama punje ya harage, nalo linawaka peke yake.

Mpiga picha aliipeleka picha kwa Mkuu wa utafiti. Mkuu alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumfokea hata mfagizi. Aliitazama picha, akatabasamu.

"Huyu ameongea."

"Ameongea, mkuu. Lakini hapa chini hapaongei."

"Kuna watu wanaongea na mwili mzima, kijana wangu," Mkuu alisema, akamrudishia picha.

Jioni umeme ulikatika, kama kawaida. Hapo ndipo nyumbani walipoona kwamba koo la Mama Mdogo linawaka. Mwanga ulipenya ngozi, mwekundu mwekundu, kama tochi uliyoifunika na kiganja. Baba Mdogo alimwangalia, akaendelea kuvua soksi.

"Naona leo redio imekuja na taa yake," alisema.

Watoto walicheka. Mpaka chakula kinaiva koo lilikuwa limezima, na taya pia. Kilichobaki ni kile kidoa cha mbavuni, ambacho kilipita kwenye gauni kikatoa mwanga wa njano, uliotulia. Mtoto wa mwisho alikuja na daftari la hesabu akakaa upande wa kulia.

"Mama, usigeuke, nimefika kwenye kugawanya."

Ile dawa haidumu. Siku hiyo hiyo inaisha mwilini, na asubuhi yake mtu anakuwa kama hajawahi kuchomwa kitu. Asubuhi yake Mama Mdogo bado alikuwa anawaka. Wiki ile ikaisha, bado. Mwezi ukaisha, na punje ya harage ilikuwa imekuwa kubwa kama yai.

Mama Mdogo alimfuata mpiga picha chumbani kwake, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Hii taa ni ya yale maongezi?"

"Hapana, mama. Ya maongezi ilizima siku ileile."

"Basi ni ya nini?"

Utaratibu ulisema mshiriki haambiwi kitu mpaka utafiti uishe. Mpiga picha alikuwa ameukariri, na alikuwa amewasomea watu wengi. Alimwangalia mama yake mdogo, akaangalia na ukuta nyuma yake ulivyopakwa njano na ule mwanga.

"Ni ya ugonjwa," alisema. "Na ukiwahiwa sasa, unatolewa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, usizidi kuchelewa."

"Basi kesho twende. Nitavaa ile blauzi ya mikono mirefu, madaktari wanapenda kukunja watu mikono ya nguo." Kisha akainuka, akaondoka.

Kwenye wodi ya hospitali ya jirani walimkuta daktari aliyekuwa amechoka, anatafuta kalamu yake chini ya meza. Mama Mdogo aliinama kumsaidia, mwanga ukapiga mpaka kwenye pembe ya ukuta, na kalamu ikaonekana. Daktari alishukuru. Alimpapasa mbavu, akauona mwanga unapita katikati ya vidole vyake, akafuta mkono na kitambaa.

"Mwanga nauona, mama. Hakuna anayebisha. Lakini mwanga si kipimo. Siwezi kumpasua mtu kwa sababu anawaka. Nileteeni picha."

"Picha ipo ng'ambo hapo," mpiga picha alisema.

"Basi ni kazi ndogo."

Mpiga picha alienda akaitoa picha bila kumuuliza mtu, akavuka nayo uwanja, ameikumbatia kifuani. Daktari aliiinua dirishani. Doa lilionekana wazi, hata mgonjwa wa kitanda cha pili alinyoosha shingo akasema, "Lile pale." Daktari aligeuza picha juu chini, akatafuta kitu pembeni, hakukiona.

"Hii ina namba tu. Jina liko wapi?"

"Utafiti hautumii majina, daktari. Ni siri ya mshiriki. Hiyo namba ndiyo yeye."

"Mimi namba siilazi," daktari alisema, na alisema kwa huruma kabisa. "Kitanda kinaandikwa jina, kisu kinaandikwa jina. Mwambie Mkuu wenu atie jina, nitampokea leo hii hii."

"Niko hapa, mwanangu," Mama Mdogo alimwambia daktari. "Jina si uniulize mimi? Ninalo, na la baba ninalo, na la ukoo wote nikianza hulali."

"Nakuamini, mama. Lakini wewe si picha."

Walirudi kwa Mkuu. Mama Mdogo alibaki kwenye viti vya nje, na mpiga picha aliingia peke yake.

"Mkuu, naomba yule mama awekwe jina. Au ahamishiwe kundi la wagonjwa, hao wanapewa majina wakirudi wodini."

Mkuu alivua miwani. Alifikiri, na mpiga picha aliona kwamba anafikiri kweli, hajifanyi.

"Ukimhamisha yeye, na mwingine je? Wale wazima tulionao ndio kipimo chetu, kijana wangu. Mgonjwa tunamjua ni mgonjwa kwa sababu hafanani na wao. Tukianza kuwatilia shaka wazima, tutamlinganisha mgonjwa na nani?"

"Lakini si mzima, mkuu. Yuko hapo nje anawaka."

"Kwenye utafiti ni mzima. Nje ya utafiti mimi sina mamlaka." Akavaa miwani. "Ukiisha, nitamwandikia mwenyewe, kwa mkono wangu, na jina lake kamili. Haujabakiza muda mrefu. Na ile picha irudishe ulipoitoa, mimi sikuona kitu."

Wakati huo huo muuguzi wa viatu vyekundu aligonga mlango. Alisema yule mama aliyekaa nje anaharibu picha za wenzake, maana mwanga wake unapita ukutani unaingia kwenye mashine. Mkuu aliagiza apewe shuka zito ajifunike. Walimletea jipya, likiwa bado na mikunjo ya dukani, wakamwambia ni lake, aende nalo. Mama Mdogo alilipapasa akasema si baya, ila pamba yake ni ya kudanganya watu.

Mpiga picha alirudi kwa Mkuu mara nyingine, na nyingine tena. Kila mara alipewa kiti. Wodini nako daktari alimwambia kitanda kipo, anakishikilia, alete tu jina.

Nyumbani mambo yalijipanga kufuatana na mwanga. Mama Mdogo akikaa sebuleni, watoto walisoma. Akihamia jikoni, walihama na madaftari. Jirani fundi cherehani alianza kuja jioni na mashine yake kichwani, akidai ni kumpa pole, na kabla pole haijaisha alikuwa ameshatunga uzi. Baba Mdogo alijifunza kulala na kitambaa machoni. Hakulalamika. Ila mpiga picha alimwona siku moja amekaa ukingoni mwa kitanda, mkewe amelala, naye ameufunika ule mwanga na viganja vyote viwili kama mtu anayekinga kibiriti kisizimwe na upepo, au kama mtu anayetaka kizime.

Magauni yalianza kumpwaya. Habari zake nazo zilifupika. Alianza ile ya shemeji na keki, akafika kwenye mlango wa ukumbi, akasema mengine mnayajua.

"Hatuyajui," mtoto wa mwisho alisema.

"Baba yako atakumalizia."

Utafiti uliisha, na washiriki wote waliitwa ukumbini kushukuriwa. Mpiga picha alimshika Mama Mdogo mkono kutoka getini. Walikaa mbele, karibu na feni. Daktari wa wodini alikuwepo pia, akawapungia. Muuguzi alipita akigawa soda, na Mama Mdogo aliviangalia vile viatu, ambavyo sasa vilikuwa vimechakaa kisigino, akapokea soda yake.

Mkuu alisimama na karatasi zake. Alikuwa ndiyo kwanza amesema karibuni wakati umeme ulipokatika. Feni ilizunguka kidogo, ikasimama. Mapazia ya ukumbi yalikuwa mazito na karatasi hazikusomeka. Watu waligeuka, wakaangalia mstari wa mbele, ambako kulikuwa na mwanga.

"Mama, samahani sana," Mkuu alisema. "Nitakusumbua usogee hapa karibu."

Mama Mdogo alitoa lile shuka alilojifunika, akamwachia mpiga picha, akainuka. Alipanda jukwaani taratibu, akasimama kushoto kwa Mkuu, mbavu zake za kulia zikielekea kwenye karatasi. Ukumbi mzima ulipata rangi ya njano. Mkuu alimshukuru, akasoma. Alisoma kwamba wagonjwa wengi walionekana mapema kuliko zamani, na kwamba baadhi yao wako humu ndani leo na wamepona. Watu walipiga makofi, na mpiga picha alipiga, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Na katika kundi la wazima," Mkuu alisoma, "hatukukuta ugonjwa kwa mtu hata mmoja."

Makofi yalikuwa makubwa zaidi. Mpiga picha alikuwa na shuka mikononi.

"Umemaliza?" Mama Mdogo aliuliza, kwa sauti ndogo, lakini makofi yalikuwa yameisha na wote walisikia.

"Bado ukurasa mmoja, mama."

"Basi soma upesi, miguu inaniuma."

Mkuu alifunua ukurasa. Mama Mdogo alisogea nusu hatua, akajigeuza kidogo, ili kivuli cha mkono wake kisiangukie maandishi.